Kizimba cha Dakika ya Themanini na Nane

Nyumba Na. 214,
Mtaa wa Tulipamo,
Luanshya.
17 Februari 2021

Baba mpendwa,

Napiga magoti na kukupigia makofi ya salamu, ingawa uko mbali na huwezi kuyasikia. Je, hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na unyevu wa huko kambini? Mama anauliza kama blanketi la pili lilikufikia, maana yule aliyelibeba hakurudi kutuambia lolote. Sisi huku ni wazima. Mama anauza mboga asubuhi tu siku hizi kwa sababu soko linafungwa saa saba mchana. Bibi alikataa barakoa nyeusi, akasema hajafiwa na mtu, basi akashonewa ya maua, na sasa haivui hata akiwa peke yake jikoni. Mvua haijatuacha tangu Krismasi. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamenizidi kimo, na tumeshaanza kuchoma mabichi. Shule imefunguliwa tena tarehe mosi. Tunakaa mmoja mmoja kwenye dawati, na Mwalimu Chisala akifundisha ndani ya barakoa mwisho wa kila sentensi hatuusikii, tunaukisia.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini ninyi tangu mgodi uwafungie humo kambini kwa ajili ya korona mnapokea simu mmezungukwa na watu kumi wanaongoja zamu, na huku Mama huweka sauti kubwa ili Bibi naye afaidi. Nililo nalo haliwezi kusemwa hivyo. Barua hii nitampa Ba Mpundu, dereva wa lori la vyakula, ambaye wanamruhusu kufika hadi getini kwenu.

Habari ya kwanza umeshaisikia nusu. Rafiki yako Ba Chitundu, mtunza jezi wa timu yetu, bado amelazwa Ndola, leo siku ya tisa. Ni korona. Jana mkewe aliambiwa kwamba sasa anakunywa uji mwenyewe, ila hawezi kukaa hata robo saa bila hewa ya mtungi. Daktari alisema mapafu yake yalikwisha kuchoshwa na vumbi la mgodini kabla ugonjwa huu haujayafikia. Hilo wewe unalijua kuliko daktari.

Habari ya pili sidhani kama umeipata. Kamati ya timu imeandika barua ya kutaka muuguzi wetu, Sista Namwinga, aondolewe kwenye zahanati yetu. Ina sahihi mia moja na kumi na tatu, na itasomwa Jumamosi hii ukumbini mbele ya ofisa wa afya wa wilaya. Wanasema golikipa wetu Mofya alipogundulika kuwa na korona, Sista alipima watu wanne tu akamwacha mzee wa watu aendelee kufua jezi hadi pumzi ikamkatika. Ukisimama bombani utawasikia. Mmoja anauliza huyu ni sista gani anayepima watu kwa macho, mwingine anajibu kwamba vipimo vyote kawapelekea ndugu zake. Sista mwenyewe akitoka dukani mazungumzo yanakatika mpaka apite. Mama naye alitia sahihi. Kalamu nilimpa mimi.

Baba, Sista Namwinga hana kosa. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote hapa mtaani, na barua hii yote ni ya kukueleza ninavyojua. Nivumilie nianzie nyuma kidogo.

Unakumbuka ligi ya wilaya iliporuhusiwa kuendelea mwezi wa Oktoba, masharti yalikuwa mengi. Bila watazamaji, mikono ioshwe, wa akiba wakae mbalimbali, na goli likifungwa pasiwe na kukumbatiana wala kushikana, kila mchezaji ashangilie umbali wa mita mbili na mwenzake. Kila timu iliagizwa iwe na mwangalizi wa afya atakayejaza fomu ya timu yake baada ya mchezo. Nakala moja ilikwenda ligi, nyingine zahanati. Timu ikiandikwa mara tatu kwa kukumbatiana, inakatwa pointi tatu. Katibu wetu Ba Kaluba alinichagua mimi. Mbele ya watu alisema ni kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri na kwa kuwa niko kwenye klabu ya afya shuleni. Baadaye nilimsikia akimnong'oneza kocha kwamba mtoto wa nyumbani haumi.

Wewe ulifurahi sana. Ulisema enzi zako hukuwahi kushika karatasi ya timu, ulishika miguu ya watu tu.

Basi nikauma. Mchezo wa pili tu, tulipofunga, vijana walifanya kizimba. Wewe na Ba Chitundu ndio mliokianzisha mwaka ule lifti ya mgodini ilipokwama na watu wote wakatoka salama, kwa hiyo huhitaji kuelezwa. Lakini sijui kama umewahi kukitazama kutoka pembeni, maana siku zote ulikuwa ndani. Kutoka pembeni unaona wachezaji kumi na mmoja wakisongamana bega kwa bega kama wachimbaji ndani ya lifti, wanachuchumaa hadi huoni tena nani ni nani, mmoja anagonga mgongo wa mwenzake mara tatu kama kengele ya kupandisha watu, kisha wote wanapanda polepole, pamoja, vichwa vimegusana. Ni kitu kizuri kuliko goli lenyewe. Nikaandika kwenye fomu: wachezaji kumi na mmoja wamekumbatiana. Desemba wakafanya tena, nikaandika tena.

Hapo ndipo nilipopata jina. Watoto wa bombani wakiniona wanapiga kelele, "Mita Mbili huyo, sogeeni!" Hata kaka Lombe alikuwa akihamisha sahani yake ya nshima hadi mwisho wa meza, akisema anaogopa kuandikwa. Bibi alicheka mpaka akapaliwa.

Baada ya ripoti ya pili kocha aliwaita wote kwenye ngazi za uwanja, nami nikaitwa. Alisema tumebakiza nafasi moja tu, tukiandikwa tena tumekwisha. Katongo, yule kiungo mrefu mwenye mtoto mchanga, akanigeukia. Hakuwa na hasira. Nadhani alitaka kuelewa kweli.

"Hebu nieleze, Mita Mbili," alisema. "Kwenye kona beki wao ananikumbatia kuliko mke wangu. Ananipumulia shingoni dakika tisini, jasho lake naonja mdomoni. Hapo korona imelala. Nikifunga, ndugu yangu akinishika bega, ndipo inaamka?"

Wote walicheka, nami nikangoja wamalize. Nilimwambia kwamba kuvutana kwenye kona ndiyo kazi yenyewe, huwezi kucheza bila hiyo, lakini kukumbatiana ni hiari, na hatari usiyoweza kuiondoa si sababu ya kuongeza ile unayoweza kuiacha. Nikamwambia pia kwamba watoto wanaochungulia juu ya ukuta wanaiga. Wiki ileile niliwaona watoto wa darasa la pili wakifanya kizimba kwa goli la mpira wa makaratasi, pua zinawatiririka. Katongo alisema majibu yangu ni ya kitabuni. Lombe, ambaye nyumbani hunichekesha tu, siku hiyo alisema jambo ambalo limenikaa. Alisema goli ambalo hakuna anayekushika ni kama kufaulu mtihani ukayasoma matokeo peke yako katika chumba kitupu. Unajua umefaulu, lakini hujafaulu bado.

Baba, nilikwenda nalo hilo hadi kwenye vyombo nilivyokuwa naosha. Nilianza kuona kwamba nilikuwa na haki na wao walikuwa na haki, na sikujua mtu anafanya nini pakiwa hivyo.

Walijaribu. Ba Chitundu mwenyewe ndiye aliyewasimamia mazoezini wafanye kizimba cha mbali, kila mmoja achuchumae alipo, apande alipo. Alitazama mara moja, akavua kofia, akauliza kama hicho ni kizimba au ni mizimu inayofufuka, kila mmoja kutoka kaburi lake. Mazoezi yaliishia hapo kwa kicheko. Tangu siku hiyo waliamua kuwa mtu akifunga atainua mkono, na wengine wapige makofi pale walipo.

Ndipo ikafika tarehe thelathini Januari. Matokeo unayajua, lakini nataka uyasikie kutoka kwangu. Tulicheza na timu ya ng'ambo ya reli. Sare ingewapandisha wao daraja, ushindi ungetupandisha sisi. Kulikuwa na mvua nyembamba isiyokoma na upande wa chini wa uwanja ulikuwa tope tupu. Asubuhi, wakati wa kuosha mikono, Mofya alikohoa. Nilimuuliza, akasema ni moshi wa mkaa, usiku walipikia ndani kwa sababu ya mvua. Nikaandika: hakuna mwenye dalili.

Wageni walitangulia kufunga. Watatu wao walirukiana mgongoni mbele yangu. Mwangalizi wao, kijana mwenye miwani aliyekaa meza ya pili, alilifunga daftari lake taratibu, akanitazama na kutabasamu, kama mtu anayekupisha mlangoni. Nilimdharau moyoni. Kipindi cha pili Katongo akasawazisha kwa penalti, akainua mkono, na wenzake wote wakasimama walipo wakipiga makofi kwenye mvua. Niliwaonea fahari. Niliandika hilo kwa herufi kubwa.

Dakika ya themanini na nane mpira ulitoka kwa beki wa kushoto, ukakwama kwenye tope, kila mtu akaupita kwa kasi yake. Lombe peke yake hakuwa na haraka. Aliufikia akiwa ametulia kama mtu anayeokota kitu chake, akaupiga chini kwa chini, ukapita katikati ya miguu ya watu wawili ukaingia. Sikusikia kelele yoyote kwanza. Kisha nikasikia ukuta mzima, maana watoto na wakubwa walikuwa wamepanda juu yake licha ya marufuku. Lombe alikimbilia upande wetu, na nyuma yake wote. Mofya alitoka golini kwake akavuka uwanja mzima. Ba Chitundu alikuwa amesimama kwenye mstari na ndoo ya maji na sabuni. Alivutwa kwa mkono, ndoo ikamwagika, naye akaingia. Nilihesabu kwa mazoea ya kazi yangu. Walikuwa kumi na wawili. Walichuchumaa kwenye tope, nikasikia mgongo ukigongwa mara tatu, na walipopanda niliona kofia ya Ba Chitundu katikati yao, naye amefumba macho. Nililia, Baba. Refa alipuliza filimbi kuwatawanya, lakini fomu ya afya haikuwa kazi yake.

Baada ya mchezo nilikaa kwenye chumba cha jezi nikajaza fomu, nikatia sahihi. Ba Kaluba alizichukua nakala zote mbili bila kuzisoma. Tulipanda daraja. Ulipopiga simu jioni ile ulikuwa umeshapata habari. Uliniuliza kwa kicheko kama walifanya kizimba, nikakujibu kwamba walifanya cha mbali. Ulisema umewatangazia wenzako wote mezani kwamba mwanao amefunga goli na binti yako ndiye aliyeshika kitabu.

Siku nne baadaye Mofya alishikwa na homa, akapimwa, akakutwa na korona. Sista Namwinga alikuja uwanjani na nakala yake ya fomu mkononi. Alikuwa na vipimo vichache sana, navyo vilipaswa kuutosha mtaa mzima kwa mwezi mzima. Aliwapanga wachezaji mstari, akawauliza nani alikuwa karibu na Mofya. Wote walitazama viatu. Kocha akamwambia kila kitu kiko kwenye fomu. Sista akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama ndivyo ilivyokuwa. Nikasema ndivyo. Basi akatumia vipimo vinne kwa watu wa nyumba ya Mofya, kwa kuwa fomu ilimwonyesha kwamba hao ndio waliomgusa. Ba Chitundu alirudi kwenye karai lake. Jumamosi akaanza kulalamikia mgongo. Jumanne wakambeba.

Sasa umeshajua, Baba, lakini lazima niliandike kwa mkono wangu. Kwenye mstari wa goli la pili niliandika hivi: "Wachezaji walishangilia kila mmoja mahali pake. Hakuna aliyemgusa mwenzake." Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa mistari mingine yote. Nilikwenda polepole, herufi moja moja.

Ningependa kukuambia kwamba nilishurutishwa. Hakuna aliyenishurutisha. Ba Kaluba hakunikonyeza, kocha hakunisogelea, Lombe alikuwa bado nje akibebwa. Nilikuwa peke yangu na kalamu. Nilikuwa nimechoka kuwa Mita Mbili, nilimpenda kaka yangu, nilikipenda kile kizimba, na nikajiambia kwamba safari hii haitamdhuru mtu. Tena nilikumbuka tabasamu la yule kijana mwenye miwani, nikaona kwamba nami ninaweza kufunga daftari. Sista alipoleta fomu ile na kuniuliza, nilikuwa na nafasi ya pili, nikaipoteza mbele ya watu ishirini waliokuwa wakijua kwamba ninadanganya. Kama ningeandika kumi na wawili, Ba Chitundu angewekwa kando siku ileile, yeye wa kwanza, kwa umri wake na kifua chake. Halafu nikampa Mama kalamu amshtaki mwanamke niliyemdanganya mimi.

Jumatatu nilimwambia Lombe. Alikuwa uani akikwangua tope kwenye viatu. Unajua kupanda daraja kulikuwa na maana gani kwake: wachezaji wangeanza kupata posho, naye angeacha kubeba magunia ya mkaa. Nilimwambia kwamba nataka kwenda zahanati kusema kweli, na kwamba hiyo itakuwa ripoti ya tatu. Aliendelea kukwangua kiatu ambacho kilikwisha kuwa safi. Kisha alisema maneno ambayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya haki. Alisema ripoti mbili za kwanza niliziandika wakati hazigharimu kitu, hii ya tatu ndiyo iliyohitaji mtu, nikaiacha, na sasa namletea yeye aichague. Aliingia ndani. Nilidhani yameisha. Alirudi akiwa amevaa viatu vya kawaida.

"Goli lilikuwa goli," alisema. "Hilo usiliguse. Ila kizimba kiandike. Na uandike kwamba Ba Chitundu nilimvuta mimi."

Jana baada ya masomo tulikwenda pamoja. Sista Namwinga alikuwa peke yake, anapanga vitabu vyake kwenye boksi. Alikuwa ameshasikia kuhusu sahihi. Nilianza kueleza nikakwama, Lombe akamalizia. Nilitegemea atapiga kelele, na kwa kweli nilitamani apige. Kitabu alichokuwa ameshika alikirudisha rafuni, akatoa fomu safi na kalamu.

"Utalia baadaye," aliniambia. "Sasa nitajie majina."

Niliandika majina kumi na mawili, na nani alikuwa amebanana na nani. Alitaka kujua kila mmoja anaishi na nani. Tulipofika kwa Katongo, Lombe akakumbuka kwamba mama mkwe wake, anayewasaidia na yule mtoto mchanga, anakohoa wiki nzima na watu wanasema ni mvua. Sista aliondoka kwenda huko, sisi tukiwa bado tumekaa. Jioni yule mama alikutwa na korona, lakini mapema, anapumua vizuri, na mtoto hana. Sista aliporudi kufunga zahanati alinikuta mlangoni. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alisema tu kwamba fomu ile mpya nitaisoma mwenyewe Jumamosi, kwa sababu akiisoma yeye watasema kaiandika yeye. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Leo asubuhi nilimwambia Mama. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alijifunga kitenge akaenda moja kwa moja kwa Ba Kaluba kutaka jina lake liondolewe. Ba Kaluba akamwambia sahihi haifutwi, Bi mkubwa, si ubao wa shule. Mama alimwomba aione tu, na alipopewa karatasi akatoa kalamu kwenye kitenge, akapiga mstari juu ya jina lake, akairudisha kwa mikono miwili kwa heshima. Sasa Ba Kaluba anajua, na kufikia saa hizi mtaa mzima unajua. Nilipokwenda kuteka maji hakuna aliyeniita jina lolote, jema wala baya. Walinipisha nikateka.

Tutakatwa pointi tatu. Timu ya ng'ambo ya reli itapanda badala yetu, pamoja na mwangalizi wao mwenye miwani. Hilo linanisumbua, sitakuficha. Sitamtaja Jumamosi, kwa sababu fomu yake si yangu.

Nimefikiri sana, Baba, kama vijana walikosea kukumbatiana. Sijapata jibu la kunitosha. Pengine Katongo anasema kweli kwamba pumzi ya kona na pumzi ya goli ni pumzi moja, na pengine waliotunga sheria ile hawajawahi kufunga goli dakika ya themanini na nane katika mvua. Pengine pia tungeweza kungoja mwaka mmoja tu. Ninachokijua ni kidogo zaidi. Watu watakumbatiana hata ukiwakataza, na kwa sababu hiyohiyo lazima awepo mtu wa kuandika kwamba wamekumbatiana, ili mwenye kuleta dawa ajue aanzie wapi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Sikuombwa nisipende kizimba. Niliombwa nihesabu tu, na nilihesabu vizuri, kisha nikaandika kingine.

Nina maombi mawili. La kwanza, tafadhali usimpigie Ba Kaluba kuniombea. Najua ukiongea naye atalainika, kwa ajili ya miaka yenu ya zamani, atatafuta njia ya kusema mimi ni mtoto na sikuelewa. Nilielewa.

La pili ni zito, na nimelifuta mara mbili kabla ya kulirudisha. Wale wenzako wa mezani uliowaambia kwamba binti yako alishika kitabu, nakuomba uwaambie na mengine. Waambie goli la Lombe lilikuwa la kweli na fomu yangu ilikuwa ya uongo. Wengi wao wanamfahamu Ba Chitundu, na watamwombea vizuri zaidi wakijua ilikuwaje. Najua itakuwa aibu kwako, na wewe hukufanya lolote. Naomba unibebee kwa jioni moja tu. Jumamosi asubuhi ukumbini nitaibeba mwenyewe.

Mama, Bibi na Lombe wanakusalimu sana. Mkewe Ba Chitundu anakushukuru kwa zile kwacha ulizotuma, alinunulia machungwa na muda wa maongezi wa kumpigia mgonjwa. Salamu zangu kwa Ba Mpundu atakapokukabidhi barua hii, na kwa wote mnaolala chumba kimoja. Kula vizuri, funika kifua. Mungu akulinde ushukapo na upandapo.

Ni mimi mwanao,
Nkandu Kapotwe